Picha za Jumanne

Jumamosi mimi ni wa maharusi.
Nina fulana nyeusi yenye jina mgongoni:
Mlekwa Picha, Isevya, na namba mbili za simu,
moja haipatikani.
Natembea kinyumenyume mbele ya msafara unaoingia ukumbini,
hatua mbili mbele, moja nyuma,
na sijawahi kuanguka ila mara moja, kule Urambo,
juu ya keki ya ngazi tatu.
Nililipa.

Kazi naijua. Pete juu ya ua.
Viatu vya bwana harusi dirishani.
Shela hurushwa na mpambe, nami namwamuru:
rusha, toka. Rusha, toka.
"Bibi harusi, cheka kidogo. Kidevu chini. Hapo hapo."
Miaka sita ya hapo hapo.
Nikifumba macho nawaona wote
wana kidevu kimoja.

Jumanne hakuna anayeoa.
Jumanne nachukua kamera ile kuukuu,
iliyofungwa kwa gundi ya karatasi,
nakwenda nisikotumwa.

Nilianza na viti.
Viti vya plastiki vilivyorudi kutoka shughulini,
virundo kwa virundo nyuma ya stoo pale Kiloleni,
vingine bado na utepe wa zambarau.
Picha arobaini, thelathini na nane zimetikisika.
Nyamizi wangu akazitazama, akaniuliza:
"Vimepata mchumba?"

Halafu nikajifunza giza.
Nilitoboa kopo la maziwa ya unga kwa sindano,
nikalipaka weusi ndani, nikafunga karatasi
iliyosafiri wiki tatu kunifikia.
Nikaliweka juu ya tofali stesheni
tangu treni ya Mpanda ilipopangwa hadi ilipoondoka.
Usiku, bafuni, taa nyekundu,
watoto wanagonga mlango wamebanwa,
nikaiona stesheni ikijitokeza ndani ya beseni
bila watu.
Wote waliokimbilia mabehewa, hewa tupu.
Waliobaki ni mama wawili
waliokaa juu ya magunia yao,
na mbwa aliyelala.
Nilikaa na karatasi ile mpaka ikakauka.
Watoto walikwenda kwa jirani.

Mwaka huu ni mikono ya wapishi.
Bi Kalunde amepika nusu ya harusi za mji huu
na hayumo katika albamu hata moja.
Nikapiga mikono yake: mwiko mrefu kama kasia,
moshi, kovu, cheche moja imesimama hewani.
Kata hapa, kata pale, usiache ila kinachosema.
Niliona nimekomaa.
Nikaichapa kubwa, nikampelekea.

Akafuta mikono kwenye kanga kabla ya kuishika.
"Kweli ni yangu. Hili kovu ni la sufuria
la harusi ya binti yake Shija."
Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake,
akaigeuza tena.
"Na mimi mwenyewe umeniweka wapi?"

Nilikuwa na jibu zuri, la kusoma.
Halikutoka.

Jumanne iliyofuata alikuwa amevaa gauni la kijani,
amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye utepe wa zambarau.
Nikasema "kidevu", nikanyamaza.
Akaitazama lenzi
kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka.
Sikuhesabu moja, mbili, tatu.
Jua likapanda ukutani hadi begani kwake,
kuku akapita, akarudi.
Nilibonyeza mara moja tu,
na vidole vyangu, vilivyopiga harusi mia tatu na zaidi,
vilikuwa vinatetemeka.

Jana, Cheyo. Bibi harusi alivua viatu
nje ya mlango wa ukumbi, emsii akiita jina lake,
akatazama barabara aliyojia.
Sikusema cheka.

Leo kaka yake amekuja kuchagua.
"Hii mbona kanuna? Ifute."
Nimemwambia sawa.
Nimeihamishia kwenye Jumanne,
na Jumanne imejaa.
Mwenye memori kadi asiyoitumia aniambie,
hata iliyokwaruzika.