Waya Mmoja, Igogo

Waliniita saa nane za usiku,
tani mbili za minofu ya sangara zimeshalegea
chumba namba nne.
Kengele ililia, aliapa Lushinge wa zamu.
Ililia, ndiyo,
dakika arobaini baada ya joto kupanda.

Nikafungua kabati: vumbi, mjusi,
na waya mmoja wa kijivu
uliotoka kwenye kompresa, ukapita vyumba tisa,
ukapanda darini, ukashukia pampu za ziwani,
njiani ukichipua matawi kama mchongoma
kila fundi aliyepita alipojiongezea lake.
Vifaa sitini na vinne.
Kila kimoja, kila sekunde, kinapayuka:
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nyuzi kumi na nane

Ukitaka kujua waya ule ulikuwaje
nenda Mwaloni, Kirumba, alfajiri dagaa wakishushwa,
simama katikati ya mnada,
jaribu kunong'ona kwamba duka linaungua.

Meneja Kaijage alitaka waya mnene zaidi
na kompyuta yenye kasi.
Nikamwambia kasi ipo, kilichozidi ni maneno.
Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku tatu nikakata.
Matawi nikayang'oa, waya ukanyooka,
kichwani na mkiani nikafunga kizuizi
ili sauti ikifika mwisho ifie palepale,
isirudi kama mwangwi kwenye mawe ya Capri Point.
Pampu nikazipa njia yao, vyumba njia yao,
katikati ruta, mlinzi asiyepitisha umbea.
Kengele nikaipa ruhusa ya kuruka foleni
kama mjamzito zahanati.
Kisha nikakaa na kila kihisi, kimoja kimoja,
nikakifundisha adabu:
usiseme mpaka nusu ya nyuzi ibadilike.

Mama yangu yuko Murutunguru, Ukerewe.
Hapigi simu kusalimia. Akipiga kuna jambo:
ng'ombe amezaa, paa limeezuliwa,
shangazi Nyangeta amelazwa Nansio.
Ila kila Jumapili baada ya misa anabipu,
mara moja, anakata.
Nisipokee, nisirudishe.
Maana yake: nipo.

Kwa sababu kuna kimya cha mtu aliyeshiba
na kimya cha mtu aliyetumbukia kisimani,
na kwa mbali havitofautiani.
Kwa hiyo vihisi navyo nikaviambia:
hata kama hamna jipya, kila dakika kumi, nipo.
Atakayekosekana mara mbili
Lushinge atamfuata na tochi.

Siku ya nne skrini ikatulia.
Lushinge akaingiwa hofu: "Fundi, umeuzima?"
Nikaacha mlango wa namba nne wazi.
Ukungu wa baridi ulikuwa bado haujatufika magotini
kengele ikapasua jengo zima.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Kaijage akasaini, waya mnene hakuutaja tena.

Nikateremka kwa miguu hadi ukingoni.
Ilikuwa Jumapili, saa sita na robo.
Misa ya Murutunguru huisha saa tano.
Nikajiambia: mtandao.
Nikajiambia: betri.
Mara ya kwanza kukosekana si kitu,
kanuni nimeiandika mwenyewe.
Korongo mmoja alisimama juu ya jiwe,
naye hana la kuripoti.

Saa saba kasoro dakika tano
simu ikatetemeka mfukoni, ikakata.

Nikairudisha. Kanuni yangu, nikaivunja.
Akapokea kabla haijalia mara ya pili:
"Kuna nini?"
"Hakuna kitu, mama."
"Sasa mbona unaongea?"