Hodi

Nambari arobaini na saba imekwama mlangoni tena.
Nimeiona asubuhi hii kwenye chati: mstari bapa
kama theluji juu ya mapaa ya Toyama.
Pete ya asidi amino tisa, kichwa na mkia nimeviunga mwenyewe,
siku kumi na mbili za kazi,
na utando wa mafuta haukuuliza hata "nani?"

Shida ni maji.
Kila penye nitrojeni na hidrojeni yake pana mkono ulionyooshwa,
na kila mkono umeng'ang'aniwa na maji,
rafiki asiyejua kuaga.
Mafuta hayapokei mgeni aliyelowa.

Tokuhara alisema: ivishe methili, mikono yote.
Tukaivisha. Ilikuwa thelathini na mbili ile.
Iliingia mafutani ikanogewa,
ikalala papo hapo kizingitini,
si nje, si ndani,
na protini tuliyoitumia kuifuata ikaachwa na raha zake.

Babu Kinzaburo aliuza dawa nyumba kwa nyumba,
mzigo mgongoni ndani ya kitambaa cha buluu.
Aliacha dawa leo, akarudi mwakani
kudai bei ya zile tu zilizomezwa.
Dawa haifungui mlango, alisema.
Alipiga hodi mara moja,
akakung'uta theluji mabegani angali nje,
akafunga mwavuli, akakunja mikono kifuani,
akawa mdogo.
Mbele ya mgonjwa, ndipo vidole kumi vilipofunguka.

Jana usiku nikachora upya.
Methili tatu tu.
Kwenye kona, asidi moja nikaiweka pacha wake wa kiooni,
pete ikapinda, mkono wa pili ukaangukia ubavu wa saba
ukashikana nao.
Sasa inajishika yenyewe.
Mafutani imejikunja, majini imejikunjua, kinyonga wangu.

(Karatasini kila kitu huingia.)

Saa kumi na sita kwenye sahani ya visima tisini na sita.
Jioni hii, upande wa pili, kilima.
Kidogo: asilimia nne, labda tano.
Tokuhara anahofia uchafu wa mrija.
Atapima tena Jumatatu.

Nimefika nyumbani. Mama anaita kutoka jikoni,
mbona nimesimama mlangoni muda wote huu
nikikung'uta mabega yaliyokwisha kukauka.