Safu ya Tano

Kitabu cha mapokezi, spitali ya Wete, kina safu saba.
Ya tano ni ya ugonjwa.
Magharibi ile, karafuu zimeanikwa hadi ubavuni mwa barabara,
mbele ya jina la Mize binti Faki, miaka sabini na tisa,
niliandika kwa mkono wangu: uzee.

Alikuwa kaniambia, "N'choka tu, mwanangu."
Kifua? Hakiumi.
Bega? "Bega hili huuma kila msimu."
Jasho likimtiririka, nikasema joto.
Nikampa vidonge vya kiungulia
na maelezo nikampa mwanawe, juu ya kichwa chake,
kama mtu anayeuliza mzigo huu wa nani.

Wakamrudisha alfajiri kwa gari ya magunia,
kanga zanukia karafuu,
midomo rangi ya majivu.
Mashine ya kupimia moyo ilikuwa kabatini.
Ufunguo alikuwa nao Shaame,
na Shaame yuko Chake, arusini.

Tulivunja kufuli kwa mchi.
Karatasi ikatoka taratibu, ikilia,
na mistari imeinua mgongo
kama paka aliyeona nyoka.
Tangu magharibi moyo ulikuwa ukifa
kidogo kidogo, kwa adabu,
bila kumsumbua mtu, kama mwenyewe.

Asprini hutafunwa. Meno hana.
Nikaisaga kwa kijiko, mkono ukinitetema,
naye akaulamba unga wake akaniuliza:
"Weye umekula?"

Hakufa.
Aliondoka siku ya kumi na mbili na moyo uliopungua,
ngazi tatu tu, akae kwanza.
Nilimpa mfuko wa dawa, nikamgeukia mwanawe.
Akanivuta mkono wa nguo.
"Dawa nanywa mie. Na herufi zenu za skuli sizijui.
Niandikie za chuoni."

Miaka ishirini na mitano sijaandika herufi zile.
Nikainama juu ya pakiti:
alifu, sini, bee.
Asubuhi. Nusu kidonge.
Akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.
"Bee yako haina nukta."
Nikatia nukta.

Sasa ufunguo unaning'inia msumarini, kwa uzi mwekundu,
hauendi arusini na mtu.
Akija mwenye mvi akasema n'choka,
akasema tumbo, akasema si kitu, wamenilazimisha tu,
kalamu naiweka chini.
Kwanza karatasi ilie.
Shaame hunung'unika kwamba karatasi zinakwisha.
Zinakwisha kweli. Naomba nyengine.

Kitabu kile bado kipo rafuni.
Kanuni hairuhusu kufuta, wala kubandua ukurasa,
nami nisingetaka.
Nimelipiga neno mstari mmoja mwembamba,
pembeni nikaandika moyo, na tarehe,
na jina langu kwa ukamilifu:

wanafunzi wakipita wakifunua
waweze kulisoma lile la chini.