Hatua ya Tatu

Toleo la miaka ishirini na mitano.
Nguchiro ni yuleyule, ila manyoya yake sasa yanapepea;
zamani alikuwa miraba kumi na miwili, na tulimpenda.
Nyaketcho, binti yangu, ananipa pedi: "Baba, ruka!"

Kidole gumba kinakumbuka kuliko mimi.
Shimo liko baada ya kichuguu: hesabu mbili, ndipo uruke.
Aliyenifundisha ni Oboth,
kibandani kwa Ofwono, nyuma ya stesheni ya Tororo,
shilingi mia mbili kwa roho tatu,
vumbi la saruji kooni, sare za shule mgongoni.

Mwisho hatukuuona.
Umeme ulikatika, na gemu ile haikujua kutunza kitu;
kesho yake tulianza tena mlangoni,
kama watu wasiowahi kufika popote.

Oboth alishika lori la Juba.
Mwaka wa nane huu, namba yake haipatikani.

Toleo hili linajihifadhi lenyewe.
Usiku, nyumba imelala, nimefika ngome ya mwisho,
lango liko wazi.
Nimeweka pedi chini.
Nguchiro amesimama kizingitini, anageuka nyuma,
anagongagonga mguu
kama anayemngoja mwenzake.