Nimekuletea Jino

Chumba changu, hospitali ya Wete, kinanuka karafuu.
Si hizi zilizoanikwa majamvini kando ya barabara;
ni za kichupa, mafuta ya kutuliza jino.
Msimu wa mavuno sijui tena
harufu inaingia au inatoka.

Bi Bikombo Faki ameketi, kidole shavuni.
"Hili. Ling'oe niende zangu,
nina pishi sita sijazianua, na wingu lile."

Nawasha taa.
Jino lenyewe zima. Linacheza
kama mwimo mzima wa mlango
katika ukuta wa udongo uliolika.
Ufizi umeiva rangi ya zambarau;
nausogezea chuma, damu inatangulia.

"Bi Bikombo, usiku unaamka mara ngapi?
Na maji, unakunywa sana siku hizi?"

Anafunga kinywa. Anajifuta kwa upindo wa leso.
"Mwanangu, mimi nimekuletea jino.
Ya chooni nimeyaacha kwangu."

Muuguzi Time anageukia dirishani, mabega yanamcheka.
Nami ningecheka,
kama si Shehe Kombo, fundi baiskeli wa Jadida,
mwaka ule koleo likiwa bado geni mkononi mwangu.
Nilimng'oa matatu kwa mkao mmoja.
Nikasifiwa mkono mwepesi.
Ufizi wake ulikuwa hivi hivi.
Sikuuliza maji, sikuuliza usiku,
sikuuliza kidonda cha unyayo kina muda gani.
Nikaandika: meno matatu. Nikapiga muhuri.

Baada ya miezi saba nilimkuta wodini.
Alifurahi kuniona. Akawaambia wenziwe,
"Huyu ndiye, aling'oa wala sikusikia."
Shuka lilikuwa limelala bapa
kuanzia goti la kushoto.

Chuoni nilisomea kinywa, nikadhani ni nyumba yenye ua wake.
Pengine mwalimu alisema, nami nikisinzia,
kwamba damu ya ufizi ndiyo hiyo hiyo ya moyo,
ya figo, ya kidole cha mwisho cha mguu;
kwamba sukari ikipanda ufizi hulegea,
na ufizi ukioza sukari hukataa kushuka,
kila mmoja akimfungulia mwenziwe mlango wa uani.

"Leo sing'oi," namwambia. "Chukua karatasi hii,
nenda maabara wakutoboe kidole."
"Kidole!" anasema. "Na jino?"
"Jino litangoja."
"Na karafuu?"

Sina jibu la karafuu.
Anatoka akiguna. Nazisikiliza kandambili zake ukumbini:
zikipinda kushoto, ni maabara;
kulia, ni lango.
Tone la kwanza linagonga bati.
Kandambili zinasimama.