Karani Anaita Majina

Miaka kumi na minane niliita majina
katika Kamati ya Barabara na Madaraja, chumba cha chini,
kile chenye bomba la joto linalogonga
kama mdai aliyechoka kungoja.
Sandvik. Schoenfelder. Tveit. Zeller.
"Ndiyo," husema Ardis Tveit kabla sijafika herufi ya mwisho.
Nilizoea akikatiza jina lake mwenyewe.

Hakuja mji mkuu kwa uchu wa cheo.
Alilima alizeti, na asubuhi aliendesha basi la shule.
Mwaka ule wa barafu nyeusi
treni ya mizigo ilikuta gari la jirani yake
pale reli inapokata barabara ya changarawe,
bila taa, bila kengele,
ila kibao kimoja kilichotobolewa na risasi za wawindaji.
Kijana ndani ya gari aliitwa Corey. Alikuwa amebeba keki.
Kiti chake kwenye basi, safu ya nne,
Ardis hakumpangia mtu.

Alishinda kwa kura thelathini na moja.
Siku themanini, kila mwaka wa pili:
ndivyo Dakota Kaskazini inavyotunga sheria,
kati ya Januari na matope.
Alipanga chumba juu ya duka la viatu,
akala supu ya kopo, akajifunza kusoma bajeti
kama mkulima anavyojifunza kusoma mawingu:
kwa kuumizwa nayo.

Muswada wake ulikuwa kurasa mbili. Taa relini.
Mwaka wa kwanza ulikufa kwa kura moja.
Mwaka wa tatu ulikufia kwenye droo ya mwenyekiti.
Mwaka wa tano mwanasheria wa shirika la reli,
mtu mpole, viatu vikavu hata theluji ikiyeyuka,
alitutajia gharama ya kila taa hadi senti,
na hakuna aliyeuliza gharama ya Corey.
Ardis mwenyewe hakuuliza.
Aliniambia baadaye kwenye ngazi:
"Ningeuliza, ningelia. Nawe ungeandika nimelia."

Kisha mwaka wa saba.
Naandika hili kwa kuwa kumbukumbu rasmi hazina.
Zeller alikuwa na kura mbili mfukoni,
na alitaka daraja la Halvorsby lifutwe kwenye orodha ya jimbo:
mbao kuukuu, magari arobaini kwa siku,
tena ndani ya wilaya ya Ardis.
Mkono mtupu haulambwi.
Nilikuwa nikipanga karatasi kando yao, kama kiti.
Kiti hakisikii.

Wiki ile niliita, kwa daraja: "Tveit."
Bomba likagonga.
"Tveit."
Sikuwahi kurudia jina lake kabla ya hapo.
"Ndiyo," kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.
Kesho yake, kwa taa, alijibu kabla sijafungua mdomo.
Watu wakacheka. Nami nikaandika.

Halvorsby hawakumtukana. Walifanya baya zaidi:
waliacha kumwinulia kidole juu ya usukani,
na kwetu kidole hicho ndicho salamu, ndicho habari, ndicho yote.
Uchaguzi uliofuata akaanguka.
Akarudi kwenye basi. Njia ilikuwa imerefuka,
maili ishirini na mbili kuzunguka mto
kwa ajili ya watoto kumi na tisa wa ng'ambo.
Aliwafuata yeye, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
na wazazi walifungua milango bila neno.

Sisemi alilipa. Hesabu ya aina hiyo siijui.

Amefariki mwezi wa Machi.
Gazeti lilimpa mistari sita na kukosea jina.

Jana usiku nilifika pale relini.
Taa zile zina kasoro: upepo ukizidi huwaka bila treni,
na wakulima, injini zikinguruma gizani, hulaani,
"Ardis kaanza tena."
Nyekundu. Nyekundu. Kengele.
Kushoto hakuna kitu, kulia mabua na theluji.
Ningeweza kupita.
Nikangoja. Mazoea ya kazi:
mtu akijibu,
unaandika kwanza.