Kopo la Rangi Nyekundu

Nilifika Kachikata na makopo mawili,
la kijani na jekundu,
brashi moja, na mkoba wa chupa
zilizogongana njia nzima kama bangili.

Mwenyekiti Motaleb Howladar alinipokea kwa chai.
Sukari vijiko vitatu. Nikanywa nusu,
nikauliza maji yake yametoka wapi.
"Bomba la msikitini," akasema, "la marehemu mama,
sadaka yake haijakauka hadi leo."
Jina la mama limechongwa kwenye saruji.
Nusu iliyobaki niliimeza kwa adabu.

Jhorna Mondol, darasa la saba, akaja na daftari.
Mwalimu Bimal ndiye aliyemtuma: kaone kwa macho,
kitabu chetu kina ukurasa mmoja wa jambo hili
na ukurasa wenyewe umeliwa na mchwa.
Nikampa saa yangu ashike.
Unga ukaingia, maji yakachemka bila moto,
kijikaratasi cheupe kikafunika mdomo wa chupa.
Dakika ishirini.
Katika dakika ishirini mtu huweza kusali,
kuosha ndama, kugombana na shemeji.
Sisi tulikaa tu.
Ndiyo kazi yenyewe, nilimwambia:
kutamani sana ibaki nyeupe
na kuizuia mikono yako.

Ikawa manjano.
Ikawa kahawia, kahawia ya tumbaku.
Jhorna akaandika: mia tatu.
Penseli alikuwa nayo sikioni, lakini aliandika kwa wino.

"Maji haya ni matamu," alisema mwenyekiti.
Ni matamu kweli. Sikubishana na ulimi.
"Mama ameyanywa miaka thelathini."
Alikunja ngumi, akaikunjua, nikaona kiganja:
vinundu vikavu, kama punje za mchele
zilizofukiwa chini ya ngozi.
Nilipaka bomba jekundu. Mkono ulitetemeka,
rangi ikadondokea jina la mama.

Kwa tone lile nilishtakiwa wilayani:
kuharibu mali ya wakfu, kumvunjia heshima maiti.
Hakimu akauliza, "Una hakika na mia tatu yako?"
Nikasema, huenda nimekosea kumi kwa mia, juu au chini.
Wakili akaruka: "Mmesikia! Hana hakika!"
Nilitaka kumwambia hakika yake ni ya bure,
yangu nimeikata kingo kwa kisu kikali
ili nijue inapoishia.
Nilichosema ni kwamba hata tukipunguza
bado ni mara tano ya kiwango.
Sheria ya kwetu inasema hamsini, ng'ambo husema kumi,
na ini la mtoto halijasoma gazeti la serikali.
Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mvua zikaanza.

Ijumaa, Maulana Tofazzal alipanda mimbari.
Mimi nilisimama nje, chini ya upenu, nikingoja mawe.
"Maji yale ni tohara," akasema. "Tawadheni.
Lakini ajuaye yana sumu kisha akampa jirani anywe,
asinijie na maswali ya pepo."
Akanyamaza, kama mtu anayetafuta miwani.
"Nimesoma miaka arobaini. Aseniki sikuisoma.
Binti wa Mondol ameisoma. Muulizeni yeye."
Walioitikia amina walikuwa nusu hivi.
Wengine walikohoa.

Usiku ule mtu alilipaka bomba kijani.
Rangi nzuri, ghali kuliko yangu.

Alfajiri nilimkuta Jhorna amechuchumaa pale,
na chupa niliyoisahau kwake kwa makusudi,
na saa ya ukutani aliyoing'oa nyumbani, imeegemea matofali.
Nyuma yake wanawake kumi na mitungi mitupu,
hakuna anayegusa mpini.
Wa nne kutoka mwisho alikuwa mwenyekiti,
mikono mgongoni,
ameikodolea ile karatasi.
Zilikuwa zimepita dakika saba.